Chungu cha Manyasi: Historia ya Dawa za Mchanganyiko na Maradhi ya Ubongo Katika Migori na Homa Bay

Katika Dholuo neno yath lina maana ya mti, na papo hapo lina maana ya dawa. Msemaji hana haja ya kufafanua ni ipi kati ya maana hizo aikusudiayo, kwani muktadha humtosha. Kiswahili hukaribia hapo kinaposema miti shamba, lakini neno dawa, lililotoka katika Kiarabu, limekwisha kukitenga kile kinachoota na kile kinachonywewa. Tofauti hii ndogo ya msamiati ina uzito katika historia ya uganga wa kusini mwa Nyanza. Wale walioandika juu ya uganga huo, tangu wamisionari hadi wanakemia, aghalabu waliuliza juu ya mti mmoja mmoja. Mganga aliyeulizwa alikuwa akifikiri juu ya chungu.

Neno la pili la kuangaliwa ni ubongo wenyewe. Dholuo husema obwongo. Mwanafunzi yeyote wa isimu linganishi atatambua mara moja kiambishi cha Kibantu cha ngeli ya 14, kile kile kilichobaki kuwa u- katika Kiswahili ubongo, na ambacho katika Kiganda hutoa obwongo, sawasawa na umbo la Dholuo. Dholuo ni lugha ya Kinailo, na haina ngeli za namna hiyo. Hapana budi neno hilo liliokotwa kwa majirani wa Kibantu wa kando ya Ziwa Viktoria. Lakini maradhi ya akili hayaelezwi kwa neno hilo la kukopa. Huelezwa kwa wich, yaani kichwa, na kwa chuny, neno ambalo lina maana ya ini na pia ya moyo na nafsi. Wazimu ni neko. Kifafa ni ndulme. Mtu aliyesahau jambo husemwa kwa kichwa chake: wiye owil. Kwa hiyo mtafiti aulizaye ni dawa gani "hutibu ubongo" huuliza swali ambalo katika lugha ya anayeulizwa lina kiungo tu, tena kiungo chenye jina geni, wala halina ugonjwa.

Dawa inayohusika hapa hasa ni manyasi. Hii ni mchanganyiko wa mizizi, magome na majani, uliochemshwa au kurowekwa, ambao hunywewa na mgonjwa na mara nyingi na jamaa zake pia. Matumizi yake mashuhuri ni dhidi ya chira, yaani hali ya kudhoofika inayompata mtu baada ya kuvunjwa kwa utaratibu wa ukoo. Lakini wigo wake hauishii hapo. Sura ya neno manyasi ni ya Kibantu, na msomaji wa Kiswahili hatakosa kusikia ndani yake nyasi na manyasi za lugha yake mwenyewe. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa kukopana. Hata hivyo, katika nchi ambamo Waluo, Wasuba, Wakuria na Wagusii wameoana na kuhamiana kwa vizazi vingi, si ajabu kuwa dawa na jina lake zilivuka mpaka wa lugha pamoja. Hali ni kama hiyo kwa ndawa, jina la tumbaku katika Dholuo, ambalo yafaa litazamwe pamoja na dawa ya Kiswahili na mtu mwenye nafasi na kamusi za kutosha.

Katika nchi hiyo jina la mganga lililodumu kuliko yote ni la Gor wuod Ogalo wa Kanyamwa, katika eneo la Ndhiwa, aliyekuwa kiongozi wa watu wake wakati serikali ya Kiingereza ilipoingia. Watu walimwita Gor Mahia, Gor wa miujiza, na klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968 ilichukua jina hilo. Masimulizi yamemjaza mizungu ya kujigeuza maumbo, na mizungu hiyo imeifunika kazi yake ya dawa. Hasara ya namna hii huwapata waganga wakubwa popote: kadiri sifa inavyokua, ndivyo mapishi yanavyosahauliwa. Wasuba wa Rusinga na Mfangano nao walijulikana kwa uganga na hasa kwa mvua, na michoro ya miambani ya Mfangano imehusishwa na ibada hizo. Katika Dholuo ajuoga, jathieth na nyamrerwa hawakuwa mtu mmoja. Ajuoga hupiga ramli na kushughulika na mapepo, jathieth huponya, nyamrerwa, aghalabu mwanamke mzee, hutumia miti kwa watoto na wazazi pasi na ramli. Ni huyu wa mwisho aliyekuwa akiitwa usiku mtoto alipopatwa na degedege, na ni huyu ambaye maandishi ya serikali yanamtaja kidogo kuliko wote.

Maandishi hayo yalianza mapema. Mwaka 1906 Waadventista Wasabato, wakiongozwa na A. A. Carscallen kutoka Kanada, waliweka kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay. Carscallen alijifunza Dholuo kwa bidii na kuiandikia sarufi, na kituo kilikuwa na kiwanda chake cha kupiga chapa. Lugha ilipata faida. Uganga haukupata, kwani dini hiyo ilikataza pombe na tumbaku, na chungu cha manyasi kilihesabiwa katika mambo ya kuachwa mlangoni pa kanisa. Kwa upande wa serikali, G. A. S. Northcote aliandika mwaka 1907 makala juu ya Waluo katika jarida la kianthropolojia la Uingereza. Mwezi wa Januari 1908, akiwa mtawala wa Kavirondo ya Kusini huko Kisii, alichomwa mkuki na Otenyo, kijana wa Kigusii, ambaye kwa masimulizi ya Wagusii alitiwa nguvu na dawa za Moraa, mwanamke nabii na mganga. Northcote alipona. Lakini tangu siku hiyo mtu mwenye dawa katika wilaya hiyo hakuwa tena jambo la kianthropolojia tu. Alikuwa jambo la usalama.

Sheria ilifuata mkondo huo. Amri juu ya uchawi ilitolewa mwaka 1909, ikarekebishwa mwaka 1918, na kupata umbo lake la kudumu mwaka 1925. Ilikuwa kosa mtu kujitangaza kuwa na uwezo wa kutia hofu, kuudhi au kudhuru kwa njia hizo, na ilikuwa kosa kuwa na vitu vya kazi hiyo kwa nia hiyo. Kiswahili kina uganga na kina uchawi, na hakuna mzee wa pwani awezaye kuyachanganya maneno hayo mawili. Dholuo nayo humtenga ajuoga na janawi na jajuok. Kiingereza cha sheria kilitumia neno moja kwa wote. Mahakimu wenye busara walijua tofauti, na nyamrerwa wengi hawakuguswa kamwe. Hata hivyo mwenye chungu alijifunza kunyamaza juu ya kilichomo. Usiri ambao watafiti wa baadaye waliulaumu, wakidhani ni choyo ya asili ya waganga, kwa sehemu ulikuwa ni tabia waliyofundishwa na sheria.

Wakati huo huo ubongo wa Mwafrika ulikuwa ukichunguzwa kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1934 F. W. Vint alitangaza matokeo ya kupima bongo 100 za wanaume Waafrika wa Kenya, zilizotolewa katika maiti, akadai kwamba tabaka la juu la ubongo huo lilikuwa jembamba kuliko la Mzungu. Alifika hata kusema kuwa ubongo wa mtu mzima wa Kenya ulifikia daraja la mtoto wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Baada yake J. C. Carothers aliiongoza hospitali ya Mathari huko Nairobi tangu 1938 hadi 1950, bila ya kuwa amefundishwa rasmi tiba ya akili kabla ya kupewa kazi hiyo. Katika kitabu alichokiandikia Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 1953 alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Madai haya yamekwisha kuanguka na hayahitaji kujibiwa upya. Linalostahili kukumbukwa ni kile ambacho hayakuuliza. Katika miongo hiyo yote, wagonjwa waliofika Mathari kutoka Nyanza walikuwa kwanza wamepita mikononi mwa watu wenye vyungu. Huenda walikuwa na dawa mwilini siku ile waliyoandikishwa. Ubongo ulipimwa uzito na unene. Kilichounyweshwa hakikuulizwa.

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa kwingineko. Huko India mizizi ya sarpagandha, yaani Rauvolfia serpentina, ilikuwa ikitumiwa kwa wazimu tangu zamani, na mwaka 1931 waganga wa Kihindi waliofuzu udaktari wa kisasa waliandika juu yake. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba huko Basel walitoa ndani yake reserpini, ambayo hupunguza akiba ya dopamini, serotonini na noradrenalini katika ubongo. Dawa hiyo ilitumika hospitalini kutuliza wazimu, na kwa sababu ilileta huzuni kwa baadhi ya wagonjwa, ilichangia nadharia za kwanza za kemia ya huzuni. Mti wa ukoo huo huo, Rauvolfia caffra, unaota Afrika ya Mashariki, na Wachaga, wanaouita msesewe, hutia gome lake katika pombe ya mbege. Ushindi wa reserpini ulikuwa mkubwa, lakini uliacha mfano uliozidi nguvu zake: kwamba ndani ya kila dawa ya kienyeji mna kitu kimoja cha kweli, na kazi ya mtaalamu ni kukitoa na kuutupa mchuzi uliobaki.

Kwa mfano huo ndipo taaluma ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kujihesabia mali yake. Kitabu cha J. O. Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi juu ya mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki kilitoka mwaka 1976, na hakuna kazi nyingine iliyowasaidia wanabotania na wanaisimu kwa kiasi hicho. Mwaka 1977 Shirika la Afya Ulimwenguni lilizihimiza serikali kuipa nafasi tiba ya jadi, na mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliwatambua waganga katika huduma ya msingi. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya iliundwa mwaka 1979. Mwaka 1990 Timothy Johns na Kokwaro pamoja na mwenzao walichapisha uchunguzi wa dawa za Waluo wa Siaya, wakitafuta ni miti ipi inayotajwa na watu wengi kwa ugonjwa mmoja. Na mwaka 1998 Kokwaro na Johns wakatoa kamusi ya viumbe ya Kiluo, hazina ambayo lugha nyingi za Kenya hazina.

Kazi hizi zinastahili heshima, na lawama inayofuata ni juu ya umbo la kamusi, si juu ya waandishi. Kamusi hupanga kwa kidahizo. Ochuoga ina mahali pake, ochok mahali pake, ober na roko na olulusia mahali pao. Kila mmoja una jina la Kilatini, sehemu itumikayo na ugonjwa utibiwao. Manyasi haiwezi kuingia hapo ila kama neno, kwa sababu manyasi si mmea. Ni uhusiano baina ya mimea: kiasi gani cha huu kwa kiasi gani cha ule, upi hutangulia kutiwa, upi hutiwa chungu kikiisha kuepuliwa. Sarufi yake haimo katika msamiati wake. Mwanaisimu anaijua hali hii vema, kwani hakuna aliyejifunza kusema lugha kwa kusoma orodha ya nomino.

Athari kwa ubongo ndipo mahali ambapo upungufu huu hudhihirika zaidi. Mfano maarufu kuliko yote unatoka mbali, kwa wenyeji wa bonde la Amazon, ambao huchemsha pamoja mtambaazi uitwao Banisteriopsis na majani ya Psychotria viridis. Dutu ya majani hayo ikinywewa peke yake huvunjwa tumboni na katika ini kabla ya kufika kichwani. Mtambaazi huzuia kimeng'enya kinachoivunja, na ndipo mnywaji huona njozi. Mtu angeiorodhesha mimea hiyo katika vidahizo viwili na kupima kila mmoja kwa panya, angeweza kuandika kuwa majani hayana kazi yakinywewa.

Karibu na nyumbani iko mifano isiyo na njozi. Ochok, ambayo Waswahili huiita mtula au ndulele, ni Solanum incanum. Mimea ya Solanum ina glikoalkaloidi, na baadhi ya dutu za kundi hilo zimeonekana katika maabara kuzuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, mojawapo ya vipeleka-habari vya ubongo. Mnanaha, yaani Datura, ni wa familia hiyo hiyo ya mimea, lakini atropini na skopolamini zake hufanya kinyume: huziba mahali ambapo asetilikolini ingepokewa, na aliyezidisha hupayuka na kupapasa hewa. Haidaiwi hapa kwamba mganga wa Migori huichanganya miwili hii. Linalodaiwa ni kuwa jamaa wawili wa damu moja, wakiwekwa chungu kimoja, wanaweza kuvutana, na kwamba jumla yao haisomeki katika kidahizo cha yeyote kati yao. Ochuoga nayo, Carissa spinarum, iliripotiwa na watafiti wa Nigeria mwaka 2008 kuwa dondoo la gome la mzizi wake lilipunguza degedege kwa wanyama wa maabara. Ni mti ule ule ambao mwaka 2011, kwa jina la mugariga, uliwavuta maelfu kwa maelfu ya watu, Wakenya wakiwamo, hadi Samunge katika Loliondo kwa mchungaji Ambilikile Mwasapile na kikombe chake cha shilingi 500. Samunge kulikuwa na mti mmoja, kikombe kimoja na kipimo kimoja kwa maradhi yote. Nyamrerwa yeyote angeshangaa.

Wala isidhaniwe kuwa hatari ya dawa kwa ubongo ni jambo la vyungu peke yake. Bonde la Lambwe, katika Homa Bay, lilijulikana kwa muda mrefu kwa malale, ugonjwa wa mbung'o ambao mwishowe huingia katika ubongo na kuvuruga usingizi na akili. Dawa ya hospitali kwa hatua hiyo, tangu mwaka 1949, ilikuwa melasoproli yenye aseniki. Kati ya wagonjwa 100 waliodungwa, kati ya 5 na 10 walipatwa na madhara makali ya ubongo kutokana na dawa yenyewe, na karibu nusu ya hao walikufa. Madaktari waliijua hesabu hiyo na wakaendelea kuitumia, kwa kuwa asiyetibiwa alikufa bila shaka. Tofauti baina ya sindano hiyo na chungu haikuwa kwamba moja ilikuwa salama na kingine cha hatari. Vifo vya sindano viliandikwa.

Mambo yalifikia ukali wake wakati wa UKIMWI. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya aliandikishwa mwaka 1984, na kando ya ziwa kudhoofika kwa mwili kulikuwa na jina tayari: chira. Manyasi ikapikwa kwa wingi kuliko wakati wowote, na kwa wengi iliwachelewesha kufika hospitali. Jambo hili halifai kufichwa kwa ajili ya kuutetea utamaduni. Mwaka 2001 hospitali ya Homa Bay, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, ilikuwa miongoni mwa za kwanza za umma nchini kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi. Makadirio ya serikali ya mwaka 2014 yaliweka kiwango cha maambukizi ya watu wazima kuwa asilimia 25.7 katika Homa Bay na 14.7 katika Migori. Kwa miaka mingi moja ya dawa kuu ilikuwa efavirenzi, mpaka dolutegraviri ilipoanza kuchukua nafasi yake Kenya baada ya mwaka 2017. Efavirenzi yenyewe hugusa ubongo: huleta kizunguzungu, ndoto za kutisha, na kwa wengine huzuni. Nayo huvunjwa na vimeng'enya vya ini, ambavyo mimea inaweza kuvichochea au kuvizuia. Mwaka 2000 ilikwisha kuonyeshwa Marekani kuwa mmea wa Ulaya unaouzwa kwa ajili ya huzuni, Hypericum perforatum, hupunguza sana kiasi cha dawa nyingine ya virusi, indinaviri, katika damu.

Basi mtu wa Mbita au wa Muhuru aliyemeza kidonge usiku na kunywa manyasi alfajiri, akaja zahanati kusema kuwa kichwa chake kinazunguka na halali, alikuwa na visababishi visivyopungua vitatu: virusi, kidonge na chungu, na kulikuwako na cha nne, yaani kukutana kwa kidonge na chungu, ambacho hakuna aliyekuwa na njia ya kukipima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 juu ya watu wa Mfangano wanaoishi na virusi ulithibitisha kuwa matumizi ya hospitali na ya mimea yalikwenda pamoja. Watu hawakuchagua moja. Walichanganya, kama walivyokuwa wamezoea kuchanganya, na sasa kidonge kilikuwa kimekuwa mojawapo ya vitu vya chunguni.

Sheria za karibuni zina lugha ya upole zaidi. Sheria ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi kama mali ya jamii, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeipa tiba ya jadi sehemu yake. Lakini kilindwacho ni lazima kwanza kielezwe, na maelezo huombwa tena kwa umbo lile lile la mmea na matumizi yake. Mfangano kuna ugumu mwingine juu ya huo. Olusuba, lugha ya waliokuwa mabingwa wa dawa visiwani humo, imekwisha kuachwa na wengi kwa ajili ya Dholuo. Majina ya miti yalitafsiriwa, kwa sababu mti unaonekana na unaweza kuonyeshwa kwa kidole. Maneno ya upishi, yale ya kuamuru na kupima na kungoja, hayana cha kuonyeshwa. Bibi mwenye Olusuba humfundisha mjukuu kwa Dholuo. Mjukuu huyo akiugua huulizwa zahanati kwa Kiswahili kama anatumia dawa nyingine, na ipi. Hujibu kwa neno moja, manyasi, na mhudumu, akiwa mwangalifu, huliandika hilo neno katika kadi.